Hobi za Shannon hazikuwa kichekesho

Mhariri,

Makala za kumkumbuka mhandisi Claude Shannon hupita njia ileile. Alizaliwa Michigan, Marekani, Aprili 30, 1916. Mwaka 1948 akachapisha nadharia ya hisabati ya mawasiliano, ambayo ndiyo msingi wa kupima habari kwa biti, yaani kwa idadi ya majibu ya ndiyo au hapana. Akafariki Februari 24, 2001. Mwishoni kabisa hutupiwa sentensi moja ya kuchekesha, kwamba aliendesha baiskeli ya gurudumu moja kwenye korido za Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu, na alipenda kurusha na kudaka mipira. Msomaji anacheka, anafunua ukurasa wa michezo.

Nusu ya mhandisi huyo imefichwa ndani ya sentensi hiyo.

Tuanze na Theseus, panya wake wa mwaka 1950. Panya mwenyewe alikuwa kipande cha mbao chenye magurudumu, sumaku na masharubu ya shaba ya kugusia ukuta. Akili ilikaa chini ya sakafu: rilei za simu (swichi zinazofungwa na kufunguliwa kwa umeme) zipatazo 75, na mota za kusogeza sumaku-umeme iliyomvuta panya kutoka chini. Mzingile ulikuwa na vyumba 25, vitano kwa vitano, na kuta za kuhamishika. Kila chumba kilitengewa rilei mbili za kumbukumbu. Rilei moja ina hali mbili, kwa hiyo mbili zina hali nne, na hali nne zinatosha kutunza jambo moja tu: panya alitoka chumba hicho kwa upande upi mara ya mwisho.

Ubahili huo una faida kubwa. Panya akiingia njia isiyopenya, atarudi na kutoka kwa upande mwingine. Upande huo mpya unaandikwa juu ya ule wa zamani, na kosa linajifuta lenyewe. Safari ya pili anakwenda moja kwa moja hadi mwisho. Lakini ukihamisha ukuta, kumbukumbu za zamani zikichanganyika na mpya zinaweza kumzungusha panya bila kikomo. Shannon aliliona hilo akaweka kihesabio: hatua zikizidi idadi fulani kabla hajafika, panya anaachana na kumbukumbu na kuanza kutafuta upya. Na rilei ni zilezile za tasnifu yake ya mwaka 1937, alipoonyesha kwamba swichi zilizofuatana hufanya kazi ya “na” ya kimantiki, zilizo sambamba hufanya kazi ya “au”. Wapi hapo hobi inaishia na kazi inaanza?

Mipira nayo aliiwekea mlinganyo. Jumlisha muda wa mpira kuwa hewani na muda wake kuwa mkononi, zidisha kwa idadi ya mikono. Jibu ni sawa na muda wa mkono kuwa mtupu ukijumlishwa na muda wa mkono kushika, mara idadi ya mipira. Tuseme mkono unashika kwa sekunde 0.4 na kukaa mtupu kwa sekunde 0.2. Kwa mipira 3 na mikono 2, 0.6 mara 3, gawa kwa 2, ni 0.9, ukitoa 0.4, mpira unatakiwa ukae hewani sekunde 0.5, yaani upae juu sentimita 31 hivi. Mikono ikibaki na mwendo uleule, mipira ikawa 5, muda wa hewani unafika sekunde 1.1 na kimo karibu mita 1.5. Mipira haijafika hata maradufu, kimo kimekaribia mara tano, kwa kuwa kimo hufuata mraba wa muda. Ndiyo maana wengi hukwama hapo: kiganja kikipinda kidogo, kosa ambalo kwa mipira 3 halionekani linaupeleka mpira mbali na mkono.

Mashine yake ya kuchezea mipira haikuirusha juu, iliidundisha kwenye ngoma. Mpira unaodunda humfikia mdakaji ukiwa kileleni, umekaribia kusimama.

Kompyuta ya kuvaliwa aliyoiunda na mwanahisabati Edward Thorp kwa ajili ya ruleti, kamari ya kubahatisha kijipira kitatua wapi kwenye gurudumu, ikakamilika mwaka 1961, ilikuwa na transista 12 na ukubwa wa pakiti ya sigara. Mvaaji alipima mwendo wa gurudumu na kijipira kwa swichi iliyofichwa kiatuni, akibonyeza kwa kidole gumba. Jibu lilirushwa kwa redio hadi sikioni mwa mwenzake aliyeweka dau, kwa noti moja kati ya nane, kila noti na sehemu yake ya gurudumu. Hesabu zilikuwa sawa. Kilichowasumbua Las Vegas ni waya wa kwenda sikioni. Mnene ungeonekana, mwembamba ulikatika, tena mara kwa mara.

Kwa hiyo tunaomba, mkimwandika tena, picha ya baiskeli iacheni. Chapisheni mchoro wa rilei mbili za chumba kimoja cha mzingile. Safu moja ya gazeti inautosha.

Wasomaji wenu,
Wahandisi wa mawasiliano