Baiskeli kitandani

Dearborn, Michigan

Baba mpenzi,

Shikamoo. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu. Uliniuliza juu ya ile picha: mbona baiskeli zimelala kitandani na watoto wamekaa nje? Kwenye simu ningekueleza nusu tu.

Lile ni trela la kulalia, chumba kizima chenye jiko na choo, linavutwa na gari. Aliniazima rafiki wa kazini. Nikanunua keria ya baiskeli nne, nikaifunga nyuma kwenye bampa, nikajiona fundi. Mama Omari akaligonga bampa kwa vidole, akasema, "Mbona lalia kama debe?" Nikamwambia chuma ni chuma.

Tulipoingia kituo cha mafuta Grayling, mzee mmoja aliyekuwa akitufuata akashuka: baiskeli zako zinacheza ngoma. Kwenda kutazama, bampa limejisokota, na pale lilipochomelewa kwenye chesisi pana ufa unaoingiza ukucha. Mzee akachomoa kifuniko cha pembeni. Ndani mna uwazi mtupu, na mpira wa kutolea maji ya choo umelazwa humo. Baba, hiyo ndiyo kazi yake, kutunza mpira wa choo! Nami nimelitwika baiskeli nne, tena mbali na magurudumu, ambako kila kishimo cha barabara kinazirusha juu.

Hapo nikakumbuka jahazi lako. Mzigo ukizidi nyuma, kwenye tezi, omo huko mbele huinuka na chombo hakisikii usukani. Trela nalo ni hivyo hivyo. Pale mbele linapoliegemea gari panatakiwa pabebe kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote. Ukirundika nyuma, mbele kunapungua, na kwenye kasi trela huanza kuyumba kulia na kushoto hadi likalivuta gari nalo. Njiani nilihisi gari likivutwa huku na huku, nikasingizia upepo.

Wenye pikapu hupakia kwenye pikapu. Wengine huchomelea chuma cha kubebea keria kwenye chesisi yenyewe. Sisi tulitandika shuka kuukuu, tukafungua magurudumu ya mbele, zote nne zikalala kwenye kitanda, ambacho bahati nzuri kiko omo.

Trela tukaliacha bara, tukavuka kwa feri hadi Mackinac Island. Kule magari yamepigwa marufuku tangu 1898, watu wanakwenda kwa farasi na baiskeli. Barabara ya kuzunguka kisiwa ni kilomita 13. Omari kaimaliza, Zena alilia njiani, akanyamazishwa na peremende. Harufu ya samadi ilivyonipiga pale gatini, nikageuka kumpisha punda. Hakuna punda, Baba, ni farasi mkubwa kama nyumba.

Bampa nimelipa. Keria naiuza. Pesa ya tanga nitatuma Ijumaa, nijulishe tu zahitajika dhiraa ngapi, na Mama asikwambie upunguze.

Wasalaam,
mwanao Athumani