Mama hataki mimi wala bibi yangu tumchome sindano

Ndugu washauri,

Ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi, pamoja na mama mzazi, bibi yangu (yaani mke wangu) na watoto. Mama ana kisukari cha miaka mingi. Vidonge vilishindwa, sasa ni insulini asubuhi na jioni. Macho yamepungua nguvu, hawezi tena kusoma vistari vya bomba la sindano.

Kazi hiyo aliifanya muuguzi wa mtaani kwetu, akipita kabla ya zamu na jioni akirudi, nasi tukimpa kitu kidogo. Sasa amepata kazi migodini Kolwezi, anaondoka mwisho wa mwezi. Ametufundisha vizuri: chupa haitikiswi, inaviringishwa polepole kati ya viganja mpaka dawa yote iwe nyeupe kama maziwa, hewa inatolewa, na kila siku unahamisha mahali pa kuchoma, maana ukirudia palepale nyama inakuwa ngumu. Bibi yangu ana mkono mwepesi kunishinda.

Shida ni kwamba sindano inaingia tumboni au pajani. Mama kasema: "Mtoto wa kiume niliyemzaa anifunue nguo? Na mkwe ndiyo kabisa!" Nikashauri tumchome mkononi, upande wa nyuma. Muuguzi akapapasa, akasema amekonda mno, dawa itaishia kwenye msuli. Na huyo muuguzi, jamani, ni rika la mdogo wangu wa mwisho! Lakini yeye eti ni "dokta", haya haipo.

Dada yangu wa Likasi anataka mama ahamie kwake. Ni binti, sawa, ila anatoka kwenda sokoni alfajiri, na umeme wa kwao ni wa kubahatisha. Hapa chupa mpya tunazihifadhi kwenye friji ya jirani mwenye jenereta, iliyofunguliwa inakaa kwenye chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi. Na joto la Oktoba mnalijua.

Nimesikia kuna kalamu ya insulini inayolia kila unapozungusha kipimo, hata asiyeona vizuri anahesabu kwa sikio. Kuna anayeitumia hapa Lubumbashi? Mfuko wa mtu wa kawaida unaiweza?

Na kama haiwezekani, nimwite shangazi aongee na mama kuhusu bibi yangu, au nimtafute mama wa jirani afundishwe? Naogopa mama akisikia nimemwingiza shangazi, atakataa hata kula.

Mtoto wa Katuba