Barua kwa mwanangu: andika tarehe, kisha uliza na nani

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote hatujambo, na bibi yako anakuombea. Barua yako nimeipata. Unasema mmemaliza somo la Maangamizi ya Wayahudi, mwalimu anataka tafakuri ya ukurasa mmoja ifikapo Jumatano, na Ijumaa kuna mdahalo wenye mada "Kuna wakati ambapo vita ni halali." Unaniuliza ushike upande gani. Hilo sikuchagulii. Nitakuonyesha namna ya kujiandaa, ili upande wowote utakaopangiwa usisimame na maneno matupu.

Chukua karatasi mbili za daftari uzigundishe ziwe moja ndefu. Piga safu tatu. Ya kwanza ni tarehe, ya pili ni kilichofanyika, na juu ya ile ya tatu andika "na nani?" Kazi yenyewe iko kwenye hiyo ya tatu. Kauli ya kutendwa ina uungwana wa kumsitiri mtenda: maduka yalivunjwa, watu walihamishwa, sheria ilipitishwa. Ukikutana na kitenzi cha namna hiyo kitabuni, uliza na nani, na usishuke mstari unaofuata mpaka umempata.

Anza 30 Januari 1933. Hitler aliteuliwa kuwa kansela, yaani mkuu wa serikali ya Ujerumani. Na nani? Na Rais Paul von Hindenburg, kwa kufuata katiba, ingawa chama cha Nazi hakikuwahi kufikisha nusu ya kura katika uchaguzi huru. Machi mwaka huohuo kambi ya Dachau ikafunguliwa, na wa kwanza kufungiwa humo walikuwa wapinzani wa kisiasa. 7 Aprili ikatoka sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika kazi za serikali. Wakati huo Wayahudi wa Ujerumani walikuwa nusu milioni na ushee, hawafiki hata asilimia moja ya wananchi wote. Izungushie duara tarakimu hiyo, utaihitaji mbele.

15 Septemba 1935 zikaja Sheria za Nuremberg, za uraia na za ndoa. Novemba ikafuata kanuni ya kumtambua Myahudi: mwenye babu na bibi Wayahudi watatu au wote wanne, hata kama yeye mwenyewe ni Mkristo aliyebatizwa. Hapa safu ya tatu inajaa watu wa kawaida kabisa. Kuna karani wa masjala anayefunua kitabu cha vizazi, ofisi ya parokia inayotoa nakala ya cheti cha ubatizo cha babu wa mtu, na mkuu wa kazi anayeidai nakala hiyo ili aamue nani abaki na nani aondoke. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeshika bunduki.

Sheria hizo zilitumika pia dhidi ya Waroma (jamii iliyokuwa ikiitwa Wajipsi, si watu wa mji wa Roma) na watu weusi, kwa hiyo usimsahau Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza akiwa bado mtoto, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai malipo yake na ya baba yake ya wakati wa vita. Hakulipwa. Alifanya kazi ya kuhudumu mezani, akaigiza kwenye filamu, akawa msaidizi wa kufundisha Kiswahili chuoni. Mwaka 1941 alikamatwa kwa tuhuma ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi, akafia humo 24 Novemba 1944. Mwenzako akisema darasani kwamba habari hii haituhusu, mtajie huyu, kisha uendelee na hoja yako.

Mwaka 1938 upe nafasi kubwa kwenye karatasi. Julai, wajumbe wa nchi 32 walikutana Évian, Ufaransa, kujadili wakimbizi wa Kiyahudi. Karibu wote walionyesha huruma na karibu wote walifunga mlango; Jamhuri ya Dominika pekee ndiyo iliyojitolea kupokea wengi. Agosti ilitangazwa kwamba kila mwanamume Myahudi aongeze jina Israel na kila mwanamke Sara, na Oktoba pasi zao zikagongwa herufi J. Usiku wa 9 kuamkia 10 Novemba masinagogi yalichomwa na maduka kuvunjwa (na nani? na wanamgambo wa chama na raia waliojiunga nao, huku polisi wameagizwa wasiingilie). Wanaume wapatao 30,000 wakapelekwa kambini, kisha Wayahudi wenyewe wakatozwa faini ya mark bilioni moja. Mei 1939 meli ya St. Louis iliondoka Hamburg na abiria 937, karibu wote Wayahudi. Kuba iliwashusha 28. Marekani haikuwapokea waliobaki, Kanada nayo vilevile, meli ikageuza kurudi Ulaya. Miongoni mwa waliorudishwa, 254 waliuawa baadaye.

Sasa piga mstari mwekundu: 1 Septemba 1939, Ujerumani inaivamia Poland. Hesabu kilichoko juu ya mstari. Ni miaka sita na miezi saba ya mihuri, fomu na mikutano, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kuanza. Watoa hoja wengi huuruka muda huu wote. Huanza hotuba na mizinga, halafu wanashangaa kwa nini hawana jibu wakiulizwa kama kulikuwa na njia nyingine.

Chini ya mstari mambo yanakwenda mbio. Poland ilikuwa na Wayahudi wapatao milioni 3.3, linganisha na ile nusu milioni uliyoizungushia duara. 22 Juni 1941 Wajerumani wanaingia Urusi ya Kisovieti, na nyuma ya jeshi vinafuata vikosi vya kuua. Katika korongo la Babi Yar, nje ya Kiev, taarifa yao wenyewe inataja watu 33,771 waliopigwa risasi kwa siku mbili, 29 na 30 Septemba. Desemba kambi ya Chełmno inaanza kuua kwa magari yenye gesi. Ndipo inakuja 20 Januari 1942, mkutano wa Wannsee. Andika kwa uangalifu hapa, maana wanafunzi wengi huandika kwamba mauaji yaliamuliwa siku hiyo. Mamia ya maelfu walikuwa wameshauawa. Maofisa 15 walikutana kwa saa moja na nusu hivi ili wizara zifanye kazi pamoja bila kugongana. Muhtasari wao una jedwali la Wayahudi milioni 11, nchi kwa nchi, zikiwemo Uingereza na Ireland ambazo Ujerumani haikuwa imezikalia. Milioni 11 ni idadi ya waliokusudiwa, na waliouawa ni milioni 6 hivi. Ukizichanganya mbele ya majaji, mpinzani mwenye akili atakuvuruga kwa kosa hilo moja.

Kuhusu tafakuri, usiandike juu ya milioni 6. Ukurasa mmoja hauzibebi, na utaishia kuandika "inasikitisha" mara nne. Chagua hati moja uitazame kwa karibu. Mimi ningechagua nauli. Shirika la reli la Ujerumani liliwatoza waliopelekwa kambini kama abiria wa daraja la tatu: pfennig 4 kwa kilometa (pfennig 100 ni mark moja), mtoto chini ya miaka 10 nusu, chini ya miaka 4 bure, na kundi likizidi watu 400 bei inashuka kwa nusu. Piga hesabu ya safari ya kilometa 500. Mtu mzima ni mark 20, kwa bei ya kundi mark 10. Abiria walilipiwa kwenda tu. Walinzi walilipiwa kwenda na kurudi. Baada ya hesabu hiyo uliza maswali manne: hati hii ilikuwa ya nani, alimwandikia nani, inasema nini waziwazi, na inaficha nini kwa maneno laini kama "kuhamishwa Mashariki". Majibu hayo, pamoja na aya moja ya kile ulichokuwa hukijui kabla, yanatosha ukurasa.

Mwalimu akiwaambia mjifanye wafungwa na walinzi, omba kwa adabu uandike juu ya hati badala yake. Mchezo wa nusu saa hauwezi kukupa njaa ya geto la Warsaw, ule mtaa walimofungiwa Wayahudi, ila unaweza kukudanganya kwamba umeijua.

Tuje kwenye mdahalo. Ukipangiwa kuunga mkono, nguvu yako iko chini kabisa ya karatasi: kufikia 1942 hakuna barua wala mkutano uliosimamisha mauaji. 27 Januari 1945 jeshi la Kisovieti lilifika Auschwitz likakuta wafungwa 7,000 hivi, katika kambi walikouawa watu wapatao milioni 1.1. Ila usiseme kwamba mataifa yaliingia vitani ili kuwaokoa Wayahudi, maana hayakuingia kwa sababu hiyo. Uingereza na Ufaransa zilitangaza vita 3 Septemba 1939 kwa ajili ya Poland, na Marekani iliingia Desemba 1941 baada ya kushambuliwa Pearl Harbor. Vita vilikomesha maangamizi bila hilo kuwa lengo lake, na hoja yako inasimama hata ukikiri hivyo.

Ukipangiwa kupinga, nguvu yako iko juu ya mstari mwekundu, na pia katika ukweli kwamba vita ndivyo vilivyowatia Wayahudi wa Poland, Ukraini na Hungaria mikononi mwa Hitler na kuwapa wauaji pazia. Unayo pia Denmark. Oktoba 1943 wananchi waliwavusha Wayahudi wapatao 7,200 kwa mashua za uvuvi hadi Uswidi, bila jeshi. Utaambiwa: mbona Poland haikufanya hivyo? Jibu kwamba Denmark ilikuwa na mlangobahari mwembamba na nchi isiyo vitani ng'ambo yake, na utawala wake wa kukaliwa ulikuwa mlegevu zaidi. Huko Poland, mtu aliyemficha Myahudi aliuawa, mara nyingi pamoja na jamaa zake. Mtego wako ni kusema "bila vita yasingetokea". Vita hivyo alivianzisha Hitler mwenyewe, kwa hiyo mpinzani atakuuliza kama Wapoland walipaswa kukaa kimya. Tenganisha mapema vita vya kuvamia na vita vya kujilinda. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 unatenganisha hivyohivyo: kifungu cha 2 kinakataza kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine, cha 51 kinaacha haki ya kujilinda.

Kuna swali moja ningelitunza kwa ajili ya raundi ya mwisho. Juni 1944 viongozi wa Kiyahudi waliomba ndege zipige mabomu reli na vyumba vya gesi vya Auschwitz. Wizara ya Vita ya Marekani ilikataa, ikisema ni kuzitoa ndege kwenye kazi muhimu zaidi. 20 Agosti ndege za Marekani zikapiga kiwanda cha Monowitz, kilometa zisizofika 8 kutoka vyumba hivyo. Wengi huishia hapo na kupigiwa makofi. Wewe rudi kwenye safu ya tarehe: Wayahudi wa Hungaria zaidi ya 430,000 walisafirishwa kati ya 15 Mei na 9 Julai. Kufikia Agosti treni hizo zilikuwa zimeshakoma. Basi uliza juu ya Juni, usiulize juu ya Agosti.

Lazima mtu ataitaja Kagera. Ni Tanzania hii, hatakosekana. Usiikwepe. Ile sababu, uwezo na nia ya Mwalimu Nyerere mwaka 1978 ni kipimo kizuri cha kuchambulia vita vyovyote, lakini gawa swali mara mbili: kumfukuza Amin Kagera ni jambo moja, kuingia Kampala 11 Aprili 1979 ni jingine. Kisha rudi kwenye mada. Ya Rwanda nayo iguse kwa sentensi mbili tu. Neno la mauaji ya kimbari lilibuniwa na Raphael Lemkin na kuchapishwa 1944, likaingia kwenye mkataba wa 9 Desemba 1948, na hukumu ya kwanza ya kosa hilo katika mahakama ya kimataifa ikatolewa Arusha, 2 Septemba 1998, dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda. Kulinganisha nani aliumia zaidi kati ya Wayahudi na Watutsi ni fedheha, usikubali kuvutwa huko.

Angalia na picha. Zile za buldoza likisukuma maiti ni za Bergen-Belsen, iliyofikiwa na Waingereza 15 Aprili 1945. Huko Wanazi waliua kwa njaa na kuacha homa ya chawa (typhus) ienee, na hapakuwa na vyumba vya gesi. Ukizibandika ukaandika Auschwitz, anayekana maangamizi yote atalishika kosa lako hilo. Na mtu wa namna hiyo akijitokeza ukumbini, usimfanye kuwa upande wa mdahalo. Mwombe mwenyekiti arudishe watu kwenye mada.

Dakika nne kwa Kiswahili ni maneno 400 hivi ukisema bila kukimbia. Andika 350, soma kwa sauti mbele ya saa mara tatu. Beba hoja mbili, usibebe tano, na kila moja iwe na tarehe moja na jina la mtenda. Mtu akisimama na "Taarifa, mwenyekiti", mruhusu mara moja tu, na usimruhusu katika dakika ya mwisho. Kengele ikigongwa, maliza sentensi ukae.

Mama yako.

N.B. Jina ni Husen, si Hussein. Mwandike alivyojiandika.