Kwenye sinia hakuna anayehesabu matonge

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Huku Tanga hatujambo, ila mvua imeshika tangu juzi na uani hapatamaniki. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tukifika kwenye jambo hili wewe hunyamaza, na mimi nikinyamaziwa hupaza sauti.

Dada yako kaniambia huji kwenye harusi ya mtoto wa mjomba wako. Ati kazi zimebana. Mwanangu, mimi ndiye niliyekuzaa. Kazi zikikubana kweli wewe hulalama siku nzima, hujawahi kulimaliza kwa neno moja. Unachokimbia ni chakula, na macho ya watu.

Nianze na kosa langu, maana nalizunguka mwezi wa nne huu.

Ulipokatwa tumbo ili upungue uzito, ile karatasi ya hospitali ya chakula cha baada ya operesheni niliibandika mwenyewe ukutani juu ya jiko la gesi: wiki mbili za kwanza majimaji tu, kisha vya kusagwa, kisha vilaini, vya kutafuna vingoje wiki ya sita na kuendelea. Niliisoma kila asubuhi kama uradi. Na bado siku ya 21 nikakukatia kipande cha chapati, kidogo kama ukucha wa dole gumba, nikakichovya kwenye mchuzi wa kuku. Nilikuona umekaa na supu iliyochujwa mpaka imekuwa kama maji ya kunawa, moyo ukanikataa. Nikasema, "Onja tu." Ukaonja kwa ajili yangu. Hazikupita dakika tano ukashika kifua, mate yakakujaa kinywani, ukainamia lile beseni la bluu ukitoa ute mweupe wa kuvutika kama bamia. Tumekaa pale sakafuni karibu saa nzima. Nesi alipopiga simu kesho yake nikasema ulikunywa uji kwa pupa. Ulikuwa unanisikia, na hukunisuta. Nisamehe mama.

Unajua mimi nimepika shughuli miaka 26. Ukinitajia idadi ya wageni nakutajia kilo za mchele na mafungu ya vitunguu bila kushika kalamu. Kwangu mtu anayependwa anapakuliwa mpaka wali unasimama mlima, na akimaliza anaongezwa bila kuulizwa. Kumpenda mtu kwa kijiko cha chai nilikuwa sikujui. Nesi aliposema mililita 30 za maji kila robo saa, nilikwenda kwa muuza kahawa pale Ngamiani nikanunua vikombe sita, nikavipima kwa bomba la sindano. Kikijaa ni 60, nusu yake ndiyo yako. Lita moja na nusu kwa siku, basi, ni nusu vikombe 50. Nilikuwa nachora vijistari kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Vingine bado vipo, sijapata moyo wa kuvifuta.

Na lipo neno jingine ninalolirudisha. Usiku ule ulipolia kwa harufu ya maandazi ya jirani, nilikwambia, "Si ulitaka mwenyewe?" Nilidhani ni uroho. Sasa naona ulikuwa kama mtu aliyefiwa na shoga yake, yule aliyekuwa akimkimbilia kwenye raha na kwenye shida. Haikuwa saa ya kukusimanga.

Sasa hili la uongo. Operesheni ilipofanyika niliwaambia watu umetolewa kidole tumbo. Niliona nakusitiri. Lakini kidole tumbo hakimtoi mtu kilo 27. Umekwenda Dodoma, umerudi kuzika mara moja tu, watu wameona shingo na mabega, na kwetu unajua mambo yalivyo: mtu akinenepa ametulia kwa mumewe, akikonda ana ngoma, au mume anamtesa. Nimeyasikia yote hayo, mengine nikiwa nimeshika mwiko mkononi, na sikuweza kuwajibu maana uongo ni wangu.

Basi Ijumaa iliyopita nilimwita shangazi yako nikamwambia kweli. Kwanza alidhani umetiwa lile puto la tumboni la kupunguza unene, kama la hospitali ya Mloganzila lililokuwa likisemwa kwenye habari. Nikamwambia puto huingizwa kwa mdomo, na muda wake ukifika hutolewa. Huyu wamemkata. Robo tatu ya tumbo au zaidi imeondoka moja kwa moja, lililobaki ni jembamba kama ndizi, lina mshono toka juu hadi chini. Akatulia kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo amelipa mamilioni ili asile? Mimi ningemfungia jiko bure."

Nilicheka, halafu nikamjibu kwa hasira. Nikamkumbusha ulivyokuwa ukikimbia Raskazone alfajiri, kilo sita zinashuka, nane zinarudi. Nikamwambia kilo 131, magoti yanayogoma kupanda ngazi, vidonge vya sukari, na mumeo anakuamsha usiku kwa sababu pumzi inakatika usingizini. Nikamwambia alivyotueleza daktari, kwamba ile sehemu waliyoitoa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo miaka yote ile ulikuwa unagombana na mwili wako wenyewe, na mwili hauchoki. Hakusema kitu. Wakati wa kuondoka akauliza, "Sasa anakula nini huyo mtoto?" Hapo nikajua tumepata mtu.

Mizani imesimama wiki tatu, umesema. Hilo tuliambiwa litatokea, ila wewe ulikuwa bado unasinzia kwa dawa. Ipande Jumamosi tu, siku nyingine isukumie chini ya kitanda. Nywele nazo tuliambiwa: mwezi wa tatu, wa nne, mwili umeshtuka kwa kisu na kwa kupungua haraka, zinadondoka, kisha zinaota. Usisuke za kuvuta. Na usiniambie umeshiba kwa chai na biskuti mbili. Biskuti zinapita kwenye hicho kitumbo kama maji kwenye kifuu kilichotoboka na hazijengi kitu. Umeambiwa protini gramu 60 kwa uchache, na yai moja ni kama gramu 6, fanya hesabu mwenyewe. Samaki, kuku, dagaa, maharage, mtindi. Hivyo kwanza, wali baadaye kama nafasi ipo.

Vidonge vya vitamini usiviache, vile ni vya maisha. Ukianza kutapika siku mbili tatu mfululizo, au miguu ikafa ganzi, usiningoje mimi wala usingoje kliniki ya mwezi, nenda hospitali siku hiyo hiyo na uwaambie umekatwa tumbo. Goti likiuma usinunue diklofenaki duka la dawa kama ulivyozoea, itakutoboa. Panadol inatosha. Kuhusu Ramadhani, daktari amekuzuia mwaka huu, na mgonjwa ana ruhusa yake, siku utazilipa. Mama mkwe wako kama ameanza kuuliza mjukuu wa pili, mwambie mwaka mmoja na nusu kwanza, na akikubishia mpe namba yangu. Ila wewe na mumeo mwe waangalifu, maana daktari alisema uzito ukishuka mimba huingia upesi kuliko mnavyodhani.

Tuje kwenye harusi. Umesahau jambo moja kwa sababu umekaa bara sana. Harusini hakuna sahani, kuna sinia. Watu wanne mmekaa mkekani, mikono inaingia inatoka, nani atajua wewe umekula matonge mangapi? Hatari iko kwa wale wenye mapenzi, wanaokusukumia nyama upande wako na kusema "kula mwanangu, mbona huli". Kwa hiyo sinia lako nimelipanga mimi: wewe, mimi, dada yako na shangazi. Shangazi yako peke yake anakula cha watu watatu, unamjua. Sinia litarudi jeupe na hakuna atakayeuliza.

Upande wako nitakuwekea samaki changu aliyechemshwa, nimemtoa miiba kwa mkono wangu, na mchuzi wa mbaazi kidogo wa kulainishia. Utakula taratibu, nusu saa, ukisikia kifua kinabana unaacha. Maji ni nusu saa baada ya chakula, na soda ile ya kupokelea wageni mpe mwanao. Akitokea mtu wa kukuuliza umefanyaje mbona umepungua, sema kweli ukitaka, nyamaza ukitaka. Shangazi amesema yeye atajibu, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi kidogo.

Siku ya safari chemsha mayai mawili, beba chupa yako ya maji, unywe kidogo kidogo toka Morogoro. Basi likisimama Segera usishawishike na mishkaki, ile mikavu itakukwama kifuani na choo cha pale unakijua. Machungwa ya Muheza ninunulie, yako nitakumenya mpaka ngozi ya ndani.

Kitambaa cha sare kimefika, rangi ya zambarau, si mbaya. Fundi anangoja vipimo vyako. Vya zamani alikuwa navyo kwenye daftari lake na alitaka kuvitumia, nikamwambia avikate mstari. Jipime kesho asubuhi kabla hujanywa kitu, kifua, kiuno na nyonga, unitumie. Nitamwambia aache kitambaa cha kutosha ndani ili aweze kubana tena, maana harusi bado wiki tano na wewe bado unapungua.

Mama yako