Risala ya Timu ya Wanawake kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kumuaga Kipa Wetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi, wazazi, wachezaji, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kuja mwenyewe. Mara mbili zilizopita risala yetu ilipokelewa na mwakilishi.

Timu ilianza na wachezaji 9 na mpira mmoja. Leo tuko 22, na msimu uliopita tulitikisa ligi kwa kushika nafasi ya tatu. (Timu zilikuwa 5.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayemuaga amekaa langoni misimu 8. Glovu anazotundika leo zimeshonwa kidole gumba kwa uzi wa viatu. Namna ya kutoka langoni kudaka krosi alijifunza kwa kutazama video za Nadine Angerer, kipa wa Ujerumani, na kwa ruhusa yako tumtaje kidogo dada huyo, maana ombi letu limekaa hapo.

Angerer alisota benchi miaka mingi nyuma ya kipa mwenzake, Silke Rottenberg. Alipoachiwa lango kwenye Kombe la Dunia la 2007 kule China, alicheza mechi 6, dakika 540, bila kufungwa hata bao moja, na fainali akapangua penalti ya Marta wa Brazil. Mwaka 2013 akaokoa penalti 2 katika fainali ya Ulaya dhidi ya Norwei, na FIFA ikampa tuzo ya mchezaji bora wa dunia, ambayo hakuna kipa aliyekuwa ameipata kabla yake. Alipostaafu mwaka 2015 alirudi Portland Thorns ya Marekani, klabu aliyoichezea, akawa kocha wa makipa.

Kocha wa makipa, Mheshimiwa. Hilo ndilo ombi letu.

Kipa wetu mpya ana miaka 16. Wenzake wakipigiana pasi, yeye anapiga mpira ukutani na kuudaka peke yake. Wiki iliyopita beki wetu wa kushoto alijitolea kumpigia mashuti. Katika 10, matatu ndiyo yaliyolenga goli. Kona ikipigwa binti anatoka hatua mbili, anasita, anarudi. Haogopi. Hana wa kumwambia atoke lini.

Ombi hili si geni mezani kwako. Msimu juzi tuliambiwa limepokelewa. Msimu uliopita tuliambiwa liko kwenye mchakato, na kocha angefika ndani ya wiki mbili. Tunaamini wiki hizo bado zinaendelea. Jezi tulizoletewa wakati tukisubiri tunazishukuru sana, ingawa ya kipa haikuwemo.

Hatuombi kocha wa kila siku. Siku mbili kwa wiki zinatutosha. Dada tunayemuaga amekubali kumshika mkono mdogo wake mwezi mmoja tu, kisha anahama. Kwa hiyo tunakuomba, kabla hujaondoka, ututajie jina au tarehe. Katibu ameshafungua daftari.

Tunaomba kuwasilisha.