Naombwa fedha ili nipate fildi ya uhasibu, na baba anataka nilipe

Mshauri, shikamoo.

Nasoma shahada ya uhasibu, mwaka wa pili, hapa Mwanza. Mwezi Julai tunatakiwa kwenda mafunzo kwa vitendo, yaani fildi, ya wiki nane, na fomu yenye mhuri wa kituo inatakiwa irudi idarani kabla ya mitihani ya kufunga muhula. Kituo nilichokitegemea ni ofisi ya halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Sasa nimeambiwa nitoe shilingi 150,000 ili barua yangu isogee. Mimi sitaki kutoa. Baba yangu anataka nitoe, tena fedha ameshanitumia kwa simu. Hapo ndipo nilipokwama.

Nieleze kwanza nilivyoomba, maana najua wapo watakaosema huyu binti hakuhangaika. Nilianza mwezi Februari. Waliotutangulia walikuwa wametuonya kwamba anayesubiri Juni hukuta ofisi zimejaa wanafunzi wa vyuo vyote. Nikachukua barua ya utambulisho idarani, nikaandika na barua yangu ya maombi ya ukurasa mmoja: chuo, kozi, mwaka wa masomo, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na kitengo ninachoomba. Hilo la kutaja kitengo nilifundishwa na dada mmoja wa mwaka wa tatu. Alisema ukiandika tu kwamba unaomba nafasi katika ofisi yao, afisa utumishi atakuweka popote penye kiti. Ukiandika kwamba unaomba kitengo cha fedha na uhasibu, au cha ukaguzi wa ndani, na ukaeleza umeshasoma masomo gani, anajua karatasi yako ampelekee nani.

CV ilinisumbua zaidi. Mtu ambaye hajawahi kuajiriwa anaandika nini? Niliandika kile ninachokifanya kweli: mimi ndiye mtunza hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa bwenini, kila mwisho wa mwezi nalinganisha daftari letu na taarifa ya akaunti ya simu, na naweza kutengeneza urari wa hesabu na usuluhishi wa benki kwenye Excel. Mwalimu aliyeisoma aliniambia hiyo mistari michache ina uzito kuliko orodha ya semina nilizohudhuria.

Barua ya halmashauri niliielekeza kwa Mkurugenzi Mtendaji, kwa sababu haiandikwi kwa mweka hazina hata kama ndiye utakayekaa ofisini kwake. Nilikwenda masjala na nakala mbili. Moja walibaki nayo, nyingine wakaigonga mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala hiyo ninayo, na nawaomba wenzangu wanaosoma hapa wasiondoke masjala bila ya kwao.

Kwingine nako niliomba. Matawi ya benki yaliniambia maombi yapitie makao makuu, kwenye mtandao, nikajaza, sijajibiwa. Nilitazama pia TaESA, yaani Wakala wa Huduma za Ajira, kwa kuwa watu wengi hutuelekeza huko. Mpango wao wa mafunzo ya uzoefu kazini ni wa wahitimu, si wa sisi tulio bado darasani. Nasema hivi kwa sababu nina wenzangu wanaolaza matumaini huko wakati fomu inawangoja hapa.

Mwezi Aprili nikarudi halmashauri kufuatilia. Nilipokelewa na mtumishi mmoja ambaye sitataja hata cheo chake. Aliniambia barua yangu ipo, sifa ninazo, ila maombi ni mengi na nafasi za uhasibu zinagombaniwa. Akachukua namba yangu. Jioni akapiga simu, akasema wenzangu wameshawezesha na mimi nijiongeze, na akataja hicho kiasi. Hakuandika ujumbe wowote, alipiga tu. Namshukuru Mungu aliishia kwenye fedha, maana nina rafiki wa kozi nyingine ambaye alipotafuta nafasi mahali pengine aliombwa jambo ambalo siwezi kuliandika, na akakiacha kituo chenyewe akilia. Hilo nalo linastahili barua yake.

Sasa baba. Ni mkulima wa pamba mkoani Simiyu, mtu mwenye heshima zake, na sitaki msomaji yeyote amwone mla rushwa. Alipopata habari aliuza mbuzi wawili, kwa kuwa pamba ilikuwa bado shambani. Hoja yake ni nzito. Anasema nikikosa kituo nitakaa bila matokeo ya somo hilo, nitarudi mwakani kulifanya peke yangu, na gharama ya kurudi ni kubwa kuliko bei ya mbuzi wote zizini. Anasema nikishajulikana pale, kesho nitakapohitimu kuna watu watakaonikumbuka. Nimejaribu kumwambia kwamba ajira za serikali siku hizi hutangazwa na watu huitwa kwenye usaili. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole: hao wanaoitwa, unadhani hawajulikani?

Sina jibu la kumpa. Lakini nina jambo linalonikaba kooni. Katika somo la ukaguzi wa hesabu tumefundishwa kanuni tano za maadili ya mhasibu, na inayotangulia zote ni uadilifu. Ndizo hizo ambazo Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, inazidai kwa kila mwanachama wake, na mimi nataka siku moja nikae kwenye mitihani ya bodi hiyo hadi nipate CPA, yaani cheti cha mhasibu kamili. Kazi mojawapo anayoweza kupewa mwanafunzi katika ofisi ya mweka hazina ni kukagua hati za malipo kabla fedha haijatoka: nani ameidhinisha, ankara iko wapi, stakabadhi imeambatishwa au la. Nitakaaje kwenye meza ile nikidai viambatisho vya watu wengine, ilhali malipo yaliyonikalisha pale hayana hata kipande cha karatasi? Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayetoa pamoja na anayepokea. Baba akitoa, ni baba yangu aliyevunja sheria kwa ajili yangu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kituo chenyewe ni kizuri, pengine kuliko vyote ninavyoweza kupata. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30, na hesabu za mwaka zinatakiwa zimfikie Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kabla ya mwisho wa Septemba. Maana yake wiki zetu za Julai na Agosti ndizo wiki ambazo halmashauri inafunga vitabu. Mwanafunzi aliyewekwa mahali sahihi anaona mapato yaliyokusanywa kwa mashine za POS sokoni na minadani yakilinganishwa na yaliyoingia benki, anaona malipo yakipita kwenye MUSE, yaani mfumo wa ulipaji serikalini, anaona hoja za ukaguzi za mwaka uliopita zikitafutiwa vielelezo. Darasani tumesoma hayo yote kwa maneno. Ni kweli pia wapo waliokwenda halmashauri wakarudi wamejua kutoa kopi na kubeba mafaili tu. Lakini niliomba kitengo kwa jina, na nilikuwa na matumaini.

Njia ya pili iko nyumbani. AMCOS ya kijiji chetu, yaani chama cha ushirika cha wakulima, hununua pamba kuanzia Mei, na Julai kazi huwa imepamba moto. Katibu wa chama amesema nije, hataki kitu chochote, na kwamba ana mlima wa stakabadhi za wakulima unaomsubiri mtu mwenye macho makali. Nimewahi kuona daftari lake. Kila jioni kilo zilizopita kwenye mizani zinatakiwa zilingane na stakabadhi zilizokatwa, stakabadhi zilingane na fedha waliyolipwa wakulima, na ushuru wa chama utolewe humo humo. Ikipungua kilo moja, mwenye kilo yake anakuja asubuhi na mapema, na ni jirani yako. Baadaye vitabu hivyo hukaguliwa na COASCO, shirika la kukagua vyama vya ushirika lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mimi naiona kuwa ni shule kamili ya uhasibu. Na hata mjini zipo SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo, ambazo wanafunzi hawazigusi kwa kuwa wote tunakimbilia milango ile ile.

Ila kuna vikwazo viwili. Mratibu wa mafunzo idarani amesema msimamizi wa kituo, yaani yule atakayesaini kitabu changu cha kumbukumbu za kila siku na kunipa alama, awe na taaluma ya uhasibu. Katibu wetu ameishia kidato cha nne. Daftari lake ni safi, lakini cheti hana. Nimewaza kama mhasibu wa chama kikuu cha ushirika, kile kinachounganisha AMCOS za eneo letu, anaweza kukubali kuwa msimamizi wangu, mimi nikakaa AMCOS na yeye akapita kukagua kazi yangu mara moja kwa wiki. Sijui kama kuna aliyewahi kukubaliwa hivyo na chuo chake, naomba aliyepata atueleze. Kikwazo cha pili ni kwamba baba ni mwanachama wa AMCOS hiyo na pamba yake inapita kwenye mizani hiyo hiyo. Stakabadhi zake sitakiwi kuzigusa mimi, na ningependa jambo hilo liandikwe mapema kwenye barua ya kunipokea ili mtu asije akasema nilimpendelea.

Marafiki zangu wanasema AMCOS itanishushia CV, kwamba mwajiri akiona jina la kijiji atafunua ukurasa. Mshauri, je, ni kweli? Nauliza kwa dhati, kwa sababu wote tunaosema hivyo ni wanafunzi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa upande wa mwajiri.

Njia ya tatu ni kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Dar es Salaam, si ile mikubwa inayojulikana na kila mtu, ya kati tu. Waliniita kwenye mtihani wa mtandaoni, nikafaulu, wakasema nisubiri. Hawajasema ndiyo, hawajasema hapana. Wakinikubali nitakaa kwa mama mdogo Chanika na ofisi iko Posta, kwa hiyo nitaamka alfajiri na kurudi usiku, na fedha ya mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo mimi napata sehemu tu. Mwalimu mmoja ameniambia pia kwamba kampuni nyingi binafsi hufunga mwaka Desemba na ritani ya kodi ya mwaka inatakiwa ifike TRA ndani ya miezi sita, kwa hiyo ukifika Julai pilikapilika kubwa ya wakaguzi huwa imepita. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nawashauri wenzangu kabla ya kuchagua kituo waulize vitabu vya pale vinafungwa mwezi gani.

Basi maswali yangu ni haya, na nitashukuru ukinijibu bila kunionea huruma.

Je, naweza kumwandikia Mkurugenzi barua ya kukumbushia, nikaambatisha ile nakala yenye mhuri wa masjala, bila kumtaja aliyenipigia simu? Au barua hiyo iandikwe na mratibu wa chuo ili iwe na nguvu? Naogopa kwamba nikienda juu, yule mtumishi ndiye atakayekuwa jirani wa meza yangu wiki nane, na kama si mimi basi wadogo zangu wa mwakani watafungiwa mlango.

Je, nipige 113, ile namba ya bure ya TAKUKURU? Ushahidi nilionao ni simu iliyopigwa, namba iliyoitoa na saa. Sikurekodi. Najua wapo watakaoniambia niachane nayo nijitafutie fildi. Lakini kama kweli wenzangu wametoa, basi kuna mtoto wa mkulima mwingine mwenye alama nzuri kuliko zangu ambaye barua yake imelala chini ya mafaili kwa sababu kwao hakuna mbuzi wa kuuza. Nikikaa kimya, huyo namsaidiaje?

Na nimwambie nini baba? Fedha zake nataka kuzirudisha. Lakini kwetu mtoto harudishi fedha aliyopewa na mzazi hivi hivi, inakuwa kama unamwambia akili yake haifai. Alifanya kwa mapenzi. Nimefikiria kumwomba shangazi yangu mkubwa akazungumze na baba, kwa kuwa baba humsikiliza, ila shangazi naye atataka kujua fomu imegongwa mhuri wa wapi, na hilo bado sina la kumwambia.

Fomu inarudi Ijumaa ya wiki ijayo. Kama nafasi haitoshi kujibu yote, naomba unijibu hili la msimamizi wa AMCOS kwanza, kwa sababu mhasibu wa chama kikuu nimeshapata miadi naye Jumatatu na nataka niende nikijua cha kumwomba.

Mwanafunzi wa uhasibu, Mwanza.