Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2025: Waliorudi Mikono Mitupu

Wanachama wenzangu wa vituo vya uzazi wa mpango, hamjambo.

Mwaka huu umetupima. Mwezi Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefunga shughuli zake. Duniani kote hapakuwa na nchi iliyokuwa ikitoa fedha nyingi kwa uzazi wa mpango kuliko Marekani. Kisha tukasikia kuwa dawa na vifaa vya dola milioni 9.7, sehemu kubwa vikiwa vya nchi za Afrika, vimekwama ghalani Ubelgiji huku kukiwa na mpango wa kuviteketeza. Wengine waliziona habari hizi kwenye runinga. Wauguzi wetu waliziona kwenye rafu.

Ndiyo maana baadhi yenu mlihoji, na mlikuwa na haki ya kuhoji, kwa nini chama kipeleke wafanyakazi watatu Kolombia wakati sindano zenyewe za kupanga uzazi hazitoshi. Kamati iliridhia kwa sababu Mkutano wa Kimataifa wa Uzazi wa Mpango, ulioanzia hapa jirani Kampala mwaka 2009 na kupita Dakar, Addis Ababa, Indonesia, Kigali na Thailand, safari hii ulikuwa unakutanisha nchi zilizopigwa na pigo lile lile. Tulitaka kujua wenzetu wanajikwamuaje. Wengi wenu mlikuwa KICC mwaka 2019, dunia ilipokuja Nairobi kuadhimisha miaka 25 ya mkutano wa Cairo wa idadi ya watu na maendeleo, kwa hiyo mnajua kwamba hotuba za jukwaani huwa ni sehemu ndogo tu ya faida. Nauli ilitokana na michango yenu pamoja na tiketi za ufadhili, na mweka hazina atawasomea hesabu.

Wajumbe wetu waliporudi niliwaomba wasiniandikie habari za safari. Nilimtaka kila mmoja aandike jambo moja tu ambalo lingebadilisha kazi yetu hapa.

Muuguzi wetu wa Kayole aliandika kuhusu mkono wa plastiki. Katika ukumbi wa maonyesho mkono huo ulikuwa kwenye meza ya kufundishia uondoaji wa vipandikizi, yaani njiti za kuzuia mimba zinazowekwa chini ya ngozi ya mkono, vilivyozama ndani ya misuli, vile ambavyo ukipapasa mkono wa mama huvisikii. Alipanga foleni pamoja na madaktari, akakalia kiti, akajaribu hadi akaipata njiti kwa ncha ya kidole chake. Amesema wazi kwamba sote tumezoea kushangilia idadi ya vipandikizi tulivyoweka, ilhali mama anayetaka chake kitolewe hupelekwa huku na kule, na pengine hudaiwa hela za kutolewa kitu alichowekewa bure. Ninakubaliana naye kabisa. Mwanamke asiyeweza kuiacha njia ya kupanga uzazi pale anapotaka hakuichagua njia hiyo. Kamati imeshaamua kwamba kuanzia mwaka ujao kila kituo cha mwanachama kitakuwa na siku ya kutoa vipandikizi kila wiki, bila malipo, na yeye ndiye atakayewafundisha wenzake.

Afisa wetu wa vijana, anayefanya kazi Kibra, alirudi na dai fupi: vijana wapewe viti viwili vya kupiga kura katika kamati hii, si viti vya kuwasindikiza wakubwa. Hoja hiyo iko kwenye ajenda na mimi ninaiunga mkono. Ripoti ya kitaifa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba wasichana 15 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Hatuwezi kupanga mambo ya umri huo bila mtu wa umri huo kuwepo.

Sasa nije kwa msimamizi wetu wa stoo, kwa sababu alichoandika ndicho kilichoninyima usingizi.

Aliketi kwenye kikao cha ugavi. Nchi baada ya nchi zilionyesha grafu za shehena: zilizopokelewa, zilizogawanywa, zilizobaki. Wakati wa maswali mama mmoja akasimama nyuma akauliza ni wanawake wangapi waliondoka kliniki bila njia waliyokuja kuitafuta. Jukwaani hakuna aliyekuwa na jibu. Mtu wetu akafikiria madaftari yetu wenyewe. Daftari la MOH 512, lile la Wizara ya Afya la huduma za uzazi wa mpango ambalo kila mmoja wetu hulijaza, linaandika aliyepokea huduma. Mama aliyekuja kutafuta sindano akapewa kondomu huandikwa kama mteja aliyehudumiwa. Aliyeambiwa arudi wiki ijayo haandikwi popote. Kwenye muhtasari wa mwezi inaonekana wateja wamepungua, na anayeusoma ofisini anaweza kudhani mahitaji ndiyo yamepungua.

Mwezi Desemba nilikwenda nikakaa asubuhi nzima katika kituo kimoja cha mwanachama huko Dandora. Rafuni kulikuwa na vidonge vya aina moja na katoni ya kondomu iliyofunguliwa upande. Alikuja mama amebeba mtoto mgongoni, kadi yake ameikunja ndani ya leso, tarehe yake ya sindano ikiwa siku hiyo hiyo. Muuguzi alimweleza kwa upole, akampa kondomu. Mama akazitazama, akasema mume wake hatakubali, akaziacha mezani, akaondoka. Daftari halikuwa na mahali pa kumwandika.

Nchi hii ina mengi ya kulinda. Kenya ilianza mpango wa taifa wa uzazi wa mpango mwaka 1967, kabla ya nchi nyingine zote kusini mwa Sahara. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto 8, na kufikia 2022 wastani huo ulikuwa 3.4. Asilimia 57 ya wanawake walioolewa walikuwa wakitumia njia za kisasa, ingawa Embu walikuwa 75 na Mandera 2 tu. Wajumbe wetu walijifunza pia habari za Profamilia, chama cha kiraia cha Kolombia kilichoanzishwa mwaka 1965, ambacho miaka ya 1970 kiliwatumia wanavijiji wenyewe kupeleka vidonge na kondomu katika maeneo ya wakulima wa kahawa. Kimedumu miaka 60, na nchi yao imebadilika pamoja nacho. Vyama vya wanachama kama chetu vinaweza kushika jambo hili wafadhili wanapoondoka.

Lakini ni lazima tuingie kwenye bajeti. Tangu 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti. Mpango wa mwelekeo wa fedha wa kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio yenyewe kufikia 30 Aprili. Katika hatua hizo wananchi huitwa kutoa maoni. Miaka iliyopita tumekuwa tukienda kule tukisema hali ni mbaya, tunapigiwa makofi, tunarudi nyumbani. Safari hii nataka twende na hesabu ya kila kituo, ya kila njia iliyokosekana, mwezi kwa mwezi, tuombe fungu la dawa za uzazi wa mpango linalojitegemea, ambalo halitahamishiwa shughuli nyingine.

Kwa hiyo kamati inawaletea hoja moja mwipigie kura leo: kila kituo cha mwanachama kianzishe daftari la waliokosa. Litakuwa na tarehe, umri, njia aliyoitaka, alichopewa, na kama alikipokea au alikiacha. Jina lisiandikwe, wala namba ya simu. Ninajua wauguzi wamechoka kuandika, na safu hizo tano ndizo tulizoona haziwezi kupunguzwa.

Hoja ikipita, kaunta buku zilizokwisha pigwa mistari ziko mezani kwa katibu, na kila kituo kichukue mbili. Vituo vya Embakasi na Ruaraka ambavyo havikuweza kutuma mwakilishi leo vitapelekewa na msimamizi wa stoo kabla ya Ijumaa.